Mahadhi Yalitoka Mbali, Maneno ni Yetu



Desemba kwetu sisi tunaoishi Dubai ni mwezi wa bendera nyingi. Tarehe 2 wenyeji wetu wanaadhimisha kuundwa kwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 1971, na minara ya hapa Marina inawaka kwa rangi zao. Siku saba baadaye, tarehe 9, ni zamu yetu: siku Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Ndugu zetu Wakenya wanafuata tarehe 12. Katika muda wa siku kumi na moja, mtoto anayekulia hapa anaweza kusimama wima kwa nyimbo tatu za taifa.

Katika wimbo wetu tumekuwa tukisikia jambo lile lile kila mwaka. Wazazi wanaimba kwa sauti. Watoto wengi waliozaliwa hapa wanafuata mahadhi midomo ikiwa imefumba, na ubeti wa pili ukifika, sauti zinazobaki ni za watu wazima. Baada ya hapo, wakati wa pilau na chai, maswali mawili hurudi. Baadhi ya wazazi Waislamu huuliza: ni kweli wimbo huu ulikuwa wa kanisani? Na kama ni kweli, umekuwaje wetu sote? Vijana nao huuliza: kwa nini hatuupangi upya, kama kwaya za siku hizi zinavyofanya na nyimbo za zamani?

Maswali yote mawili ni mazuri, na jibu lake limo ndani ya historia ya wimbo wenyewe. Tumeona toleo hili la kumbukumbu ndilo mahali pa kuisimulia.

Mwalimu wa kwaya

Mwaka 1897, katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, nje ya Johannesburg, alikuwapo mwalimu kijana aitwaye Enoch Sontonga. Alikuwa Mxhosa kutoka upande wa Cape ya Mashariki, umri wake haujafika hata miaka 25. Kazi yake ilikuwa kufundisha, na pamoja na kufundisha aliongoza kwaya ya wanafunzi na kuwatungia nyimbo. Mmoja kati ya nyimbo hizo aliuita Nkosi Sikelel' iAfrika. Alitunga ubeti mmoja na kiitikio, akauandika kwa nota za sol-fa, zile za herufi d, r, m ambazo wengi wetu tuliopita kwaya za shule na za kanisani kule nyumbani tunazikumbuka hadi leo.

Ulikuwa wimbo wa ibada kwa kila hali. Mpangilio wake wa sauti nne ulifuata tenzi walizoleta wamisionari. Kiitikio chake kilikuwa na wito wa kumwomba Roho Mtakatifu ashuke. Mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa mwaka 1899, katika ibada ya kumsimika mchungaji wa Kimethodisti. Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa na miaka 32 hivi. Hakuwahi kujua kwamba ametunga wimbo wa taifa lolote.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza tulitoe wazi bila kulizunguka: ndiyo, wimbo wetu wa taifa ulizaliwa kanisani. Lakini kuzaliwa mahali si kubaki mahali. Tuufuate ulivyotembea.

Kutoka madhabahuni hadi mkutanoni

Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walikutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kilijulikana kama ANC. Mkutano ulipofungwa kwa sala, wimbo wa Sontonga ukaimbwa. Hapo ndipo ulipovuka mlango kwa mara ya kwanza. Bado ulikuwa sala, lakini sasa ilikuwa sala ya watu waliokuwa wananyang'anywa ardhi na haki zao. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi na mwanasiasa aliyekuwa mmoja wa waasisi wa chama hicho, aliurekodi kwenye sahani ya santuri jijini London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba kwa Kixhosa. Baadaye likaja toleo la Kisotho.

Tazameni jambo hili. Tangu awali, kila waliouchukua wimbo huu waliutia mkono. Mmoja aliongeza beti, mwingine akabadili lugha, wengine wakaubadilishia mahali pa kuimbwa. Hakuna aliyeuweka kabatini kama chombo cha kioo. Kwa hiyo vijana wetu wanapouliza kama wimbo wa zamani unaweza kupangwa upya, waambieni kwamba huu umekuwa ukipangwa upya kwa zaidi ya miaka 100.

Ulivyoingia katika Kiswahili

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Luteni Alexander Nyirenda alipeleka mwenge na bendera mpya kwenye kilele cha Mlima Kilimanjaro. Na wimbo wa taifa hilo jipya ulikuwa Mungu Ibariki Afrika: mahadhi ni ya Sontonga, maneno ni ya Kiswahili.

Tanganyika ilitangulia. Zambia iliyachukua mahadhi hayo hayo mwaka 1964, kwa maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliyatumia tangu 1980 hadi 1994. Afrika Kusini, nchi alimozaliwa mtunzi, ilisubiri hadi 1994 ndipo wimbo huo ukawa wa taifa, miaka 33 baada ya sisi. Watoto wetu wakikutana shuleni na mtoto wa Afrika Kusini na kubishana wimbo ni wa nani, wana jambo la kumwambia, na wana jambo la kumshukuru.

Sasa tuangalie maneno, maana hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Jina la Kixhosa lina mizani tisa likiimbwa: Nko-si-si-ke-lel'-i-A-fri-ka. Hesabuni kwa vidole. Kisha hesabuni la Kiswahili: Mu-ngu-i-ba-ri-ki-A-fri-ka. Ni tisa vilevile. Maneno yalikaa juu ya mahadhi kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa.

Lakini si mizani tu. Neno Nkosi maana yake ni Bwana. Tafsiri ya moja kwa moja ingetupa "Bwana", neno ambalo katika Kiswahili cha kanisani mara nyingi humlenga Yesu. Wimbo wetu unasema "Mungu", neno ambalo shehe wa Tanga na padre wa Moshi wote wanalitamka kila siku. Ule wito wa kumwita Roho Mtakatifu haumo. Kilichobaki ni ombi la baraka kwa bara na viongozi wake, kwa nchi, kwa wanaume, wanawake na watoto, na ombi kwamba uhuru na umoja visife. Katika ubeti wa kwanza linaombewa bara zima. Nchi yetu inasubiri hadi ubeti wa pili. Kabla hatujajiombea wenyewe, tumewaombea jirani.

Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania kupatikana mwaka huo huo, wimbo haukuhitaji kufumuliwa. Jina la nchi lilibadilika, ombi likabaki. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliingia katika wimbo ambao tayari ulikuwa na nafasi yao, kwa sababu maneno yake hayakumfungia mtu mlango kwa dini yake.

Ndiyo maana tunasema: mahadhi tuliazima, maneno tuliyafanyia kazi wenyewe. Sehemu ya wimbo huu iliyo yetu hasa ni Kiswahili chake. Mtoto anayefumba midomo na kufuata mahadhi peke yake ameshika sehemu ya kuazima na kuiacha ile iliyo ya nyumbani.

Kiswahili kwenye maji ya Burj Khalifa

Kuna wimbo mwingine ambao watoto wetu wanaujua zaidi kuliko wa taifa, na tunautaja kwa sababu unaeleza jambo hili hili kwa upande mwingine. Ukipanda metro kutoka Marina hadi kituo cha Burj Khalifa, ukatembea mpaka kwenye ziwa chini ya mnara, utakuta ile chemchemi kubwa inayocheza kwa muziki tangu mwaka 2009. Miongoni mwa nyimbo zilizowahi kuchezewa na maji hayo ni Baba Yetu. Watalii wa kila nchi husimama na simu zao juu, na katikati yao mama wa Kitanzania hushtuka: hiki si Kiswahili?

Ni Kiswahili. Wimbo huo ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani wa California ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Hong Kong. Yaani naye ni mtoto wa wahamiaji, kama watoto wetu. Rafiki yake wa chuo, Soren Johnson, alikuwa akibuni mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, akamwomba muziki wa kufungulia. Mchezo ulitoka mwaka 2005, na waliouimba wimbo huo kwanza walikuwa kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford iitwayo Talisman. Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya katika albamu ya Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12 mbalimbali. Kiswahili ndicho kinachofungua albamu. Mwaka 2011 Baba Yetu ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy.

Maneno yake ni Sala ya Bwana, sala ambayo Wakristo wa pwani na bara wamekuwa wakiisali kwa Kiswahili tangu karne ya 19. Mtunzi hakuiacha kama ilivyo kitabuni. Anayeijua sala atasikia kwamba mpangilio umebadilika: ombi la chakula cha leo limetangulia, na ombi la ufalme kuja linafuata baadaye. Maneno ya mwanzo yanarudiwa tena na tena kama kiitikio. Kiongozi mmoja anaanza, kwaya inapokea, ngoma zinaingia, sauti zinapandana. Sala ambayo msharika huisali kwa dakika moja akiwa ameinamisha kichwa imegeuzwa kuwa wimbo wa kusimama na kupiga makofi.

Na walioimba katika albamu hiyo ni akina nani? Ni Soweto Gospel Choir, kwaya ya Afrika Kusini. Soweto iko upande ule ule wa Johannesburg ambako Sontonga alifundisha. Mwaka 1961 sisi tulichukua mahadhi kutoka kwao tukayavisha Kiswahili. Karibu miaka 50 baadaye, watoto wa eneo hilo hilo wakachukua Kiswahili chetu wakakiimba mpaka kikafika Dubai. Deni limelipwa bila mtu kudai.

Hapa lazima tutofautishe kwa heshima. Baba Yetu, hata katika mchezo wa kompyuta, ni sala ya Kikristo na imebaki hivyo. Familia ya Kiislamu inaweza kuusikiliza kama muziki au kuuacha, na hakuna atakayemlaumu mtu. Mungu Ibariki Afrika ni jambo jingine: maneno yake yanamwachia kila raia nafasi ya kusimama na kuomba bila kuazima sala ya dini ya mwenzake. Nyimbo mbili zilitoka kwenye ibada, lakini ni mmoja tu uliobadilishwa maneno ili uwe wa wote.

Mahadhi yetu katika midomo ya wengine

Isionekane kwamba sisi ni watu wa kuazima tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Kagera, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, juu ya mahadhi ya kikwetu. Miaka mitatu baadaye ukapata maneno ya Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha tenzi cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na umefika pia katika vitabu vya tenzi vya Marekani. Bibi wa Kijerumani anauimba Pasaka kwa lugha yake, na kwake huo ni wimbo wa nyumbani. Hatumnyang'anyi. Alipouwekea maneno yake, aliupokea.

Jirani zetu Wakenya wao walianzia nyumbani: mahadhi ya wimbo wao wa taifa yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na maneno yake, kama yetu, ni dua. Taifa moja liliazima wimbo wa kwaya, jingine likaamsha wimbo wa kulaza mtoto, na yote mawili yakafika mahali pamoja, kwenye Kiswahili kinachomwomba Mungu.

Hata hapa Dubai jambo hili lina mfano. Nendeni na watoto mtaa wa zamani wa Al Fahidi, karibu na Khor, mkatazame dari za nyumba za kale. Zile ni boriti za mikoko, zilizoletwa na majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki yaliporudi na upepo wa kusi. Boriti zilitoka kwetu, lakini nyumba ni ya wenyeji, maana wao ndio walioijenga na kuishi ndani yake. Wimbo nao huwa wa yule aliyeujenga akaishi ndani yake.

Zamu ya Marina

Tukiyaweka haya pamoja, tunaweza kuyajibu maswali ya mwanzo.

Kwa wazazi: wimbo ulizaliwa kanisani, na watu waliotutangulia walifanya kazi makini ili uweze kuimbwa na Mwislamu, Mkristo na yeyote mwingine bila dhamiri yake kusumbuka. Tukiuimba kwa pamoja katika nchi hii ambayo si yetu, tunaitunza kazi yao.

Kwa vijana: ndiyo, pangeni upya. Siku ya tamasha, wekeni kinanda, ngoma, kiongozi mmoja wa kuanzisha na sauti za kupokea. Mgawane sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kama kwaya yoyote ya nyumbani. Bendera inapopandishwa, tutauimba kama unavyoimbwa na kila Mtanzania, kwa sababu hapo tunaungana na watu ambao hawatuoni. Jukwaani, mna uhuru. Tunaomba jambo moja tu: mtakapobadilisha mdundo, msiyameze maneno. Wimbo huu ulipoteza lugha yake ya kwanza na bado ukaishi, kwa sababu waliouchukua waliupa lugha nyingine iliyo kamili. Ukipoteza Kiswahili kwa watoto wetu na usipate kitu badala yake, utabaki mlio tu, na mlio haumwombei mtu.

Kwa watoto, tunaanza na maneno. Mtoto wa Marina anajua boti, lifti na tramu, lakini ngao hajawahi kuiona. Basi mwonyesheni ngao katika nembo ya taifa, mumweleze kwamba ni kitu cha kumkinga mtu, kisha mumuulize wimbo unasema nini ndicho kitukinge. Neno "dumisha" halisikiki katika mazungumzo ya mezani. Mwambieni maana yake ni kufanya kitu kikae sana, kisiishe. Mtoto akishaelewa maneno hayo mawili, beti zote mbili zinafunguka. Na anapompigia simu bibi yake Singida au Mbeya, amwimbie. Bibi atamsahihisha matamshi vizuri kuliko mwalimu yeyote, na ataongeza hadithi ambayo hatukuiandika hapa.

Mwalimu Sontonga alitunga ubeti mmoja kwa ajili ya watoto wa shule moja. Mwaka 1996 kaburi lake katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, miaka 91 baada ya kifo chake. Wakati huo wote aliyekuwa akimkumbuka ni mwimbaji, kila aliyefungua kinywa kwa lugha yake. Mwaka huu tungependa wenye kufungua vinywa wawe na watoto wa Marina pia, ubeti wa kwanza na wa pili.

Tunawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru. Mungu awabariki mlipo, na nyumbani tulikotoka.